Kompyuta Nayo Ionyeshe Kitambulisho

Leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na kabla sijaanza kulalamika niseme wazi kwamba sehemu ya lawama ni yangu mwenyewe.

Ukitaka kuingia katika jengo lolote la ofisi hapa Upper Hill, utaratibu unaujua. Askari wa mlangoni atakuomba kitambulisho, ataandika jina lako, namba ya simu, unaenda kumwona nani na umefika saa ngapi. Ukiwa umebeba laptopu atakwambia, "Mkubwa, niandikie na namba ya hiyo mashine," nawe utaipindua uanze kusoma kibandiko ambacho nusu yake imefutika. Jioni ukitoka analinganisha tena. Ni usumbufu, hasa ukiwa umechelewa, lakini siku hizi nimekuja kumheshimu sana yule askari. Haamini maneno. Ukimtajia jina lako anakuuliza, kitambulisho kiko wapi?

Sasa panda lifti. Siku moja nilikuwa ghorofa ya tisa, chumba cha mikutano, nimeenda kumwonyesha mteja programu yetu. Waifai ya wageni iligoma. Mwenyeji wangu, mtu mkarimu, akaniambia, "Wewe chomeka tu hapo ukutani." Nikachomeka. Haikupita hata nusu dakika, laptopu yangu ilikuwa imepewa anwani ya IP ya ndani, na nilipofungua orodha ya mtandao nikaona seva ya faili, printa ya uhasibu na kompyuta ambayo jina lake lilisema waziwazi kwamba ni ya mishahara. Hakuna aliyeniuliza chochote. Katika jengo lile lote, mtu mmoja tu ndiye aliyetaka kujua laptopu yangu ni ya nani, naye alikuwa yule askari wa chini mwenye kalamu na daftari.

Maoni yangu ni haya: ofisi inayoshika habari za watu, iwe ya bima, benki, hospitali au chama cha akiba, ihakikishe kwanza kwamba kompyuta ni mali yake kabla ya kuipa njia ya mtandao. Na uhakika huo usitokane na jina ambalo kompyuta imejitajia yenyewe. Kosa hilo la pili ndilo nililolifanya mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa sijamaliza hata mwaka tangu nitoke chuo na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, niliandika sehemu ya mfumo wa kuidhinisha malipo kwa kampuni moja ya huku huku Upper Hill. Sitaitaja. Walitaka mfumo ufunguke tu katika kompyuta zilizo ndani ya domeni ya ofisi, na kila malipo yabaki na rekodi ya nani aliyaidhinisha, saa ngapi, kwa kompyuta gani. Nikaona ni kazi ya asubuhi moja. Programu inaiuliza Windows, "Domeni yako inaitwaje?" Jibu likifanana na jina la ofisi, pita. Kisha inauliza, "Na wewe unaitwaje?" Jina linaandikwa kwenye rekodi. Nikajaribu, ikafanya kazi, mteja akalipa, nikaendelea na maisha.

Baadaye malipo moja yakaonekana hayaeleweki. Rekodi ikasema yameidhinishwa Ijumaa saa moja kasorobo jioni, kwa akaunti ya mama mmoja wa idara ya madai, kutoka kwenye kompyuta ya mezani kwake. Jina la mtumiaji ni lake, jina la kompyuta ni la mashine yake. Mtu atasema nini? Yule mama aliapa kwamba saa hiyo alikuwa kwenye matatu ya Rongai, amekwama Lang'ata Road kama watu wengine. Akaambiwa mashine haidanganyi. Akapelekwa likizo ya lazima, na likizo ya lazima, wadau, wote tunajua ofisini huwa inamaanisha nini. Watu walianza kumzungumzia kwa wakati uliopita.

Niliitwa nieleze rekodi zangu. Nilikwenda nimejiamini kabisa. Katika maandalizi nilimpa kazi kijana wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo: ajaribu kuingia kwenye mfumo kwa laptopu yake binafsi. Nilitaka nipate picha nzuri ya kuonyesha jinsi inavyokataliwa. Kijana akapakua Windows Server ya majaribio, ile ambayo Microsoft hutoa bure kwa siku 180, akaiweka ndani ya laptopu yake, akaunda domeni yake mwenyewe na kuipa jina lile lile la domeni ya ofisi. Akaingiza kompyuta moja ya bandia kwenye domeni hiyo, akaibatiza jina la mashine ya yule mama. Akaja kwetu, akachomeka waya ukutani, akafungua mfumo wangu kwa akaunti ya majaribio. Ukafunguka. Na rekodi ikaandika, kwa ujasiri wote, kwamba aliyekuwa anafanya kazi ni kompyuta ya idara ya madai.

Nilikaa kimya nikiangalia kioo. Ushahidi uliomtoa mama wa watu kazini ulikuwa mistari yangu kumi na miwili ya kodi, na haikuwa na thamani kuliko karatasi ambayo mtu amejiandikia, "Mimi ni fulani."

Alirudishwa baada ya wiki saba. Aliyefanya yale malipo hakujulikana, na nadhani hatajulikana kamwe, kwa sababu anwani ya IP iliyotumika ilikuwa ya kifaa ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote ya ofisi, na rekodi za swichi zilikuwa zimeshajifuta.

Sasa tuingie kwenye ufundi kidogo, nitajaribu kusema kwa lugha ya kawaida. Domeni ni kundi la watumiaji na kompyuta walioandikwa katika daftari moja. Kwa ofisi nyingi daftari hilo ni Active Directory ya Microsoft, iliyokuja na Windows 2000. Kompyuta ikiingizwa kwenye domeni hufunguliwa akaunti yake, kama vile mfanyakazi anavyofunguliwa, nayo hupewa neno lake la siri. Wewe hulijui, bosi wako halijui. Linajulikana na kompyuta yenyewe na seva za domeni, na kwa kawaida kompyuta hulibadilisha kila siku 30. Umewahi kurudisha kompyuta kwenye nakala ya zamani, kisha Windows ikalalamika kwamba uaminifu kati yake na domeni umevunjika? Ni siri hiyo: kompyuta imebaki na ile ya zamani, seva inayo mpya.

Kwa hiyo uanachama wa domeni ni siri inayoweza kuthibitishwa. Jina ni kibandiko tu, na kibandiko kila mtu anaweza kukichapisha. Kile nilichokiuliza mimi kilikuwa kibandiko. Na siko peke yangu. Nimeona skripti za kuingilia zinazosoma thamani ya USERDOMAIN, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha kwa amri moja. Nimeona ofisi zinazokagua kompyuta za wanaofanyia kazi nyumbani kwa kuangalia kama kuna neno fulani kwenye rejista ya Windows. Nimeona orodha ndefu za anwani za MAC, wakati kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kuigeuza anwani ya MAC. Yote haya ni kumuuliza mgeni kama ni mwenyeji, akisema ndiyo unamkaribisha chakula.

Njia ya kweli ipo na si ngeni. Kiwango cha IEEE 802.1X kilitoka mwaka 2001. Kazi yake ni rahisi kuieleza mtu akisimama pale mlangoni kwetu. Swichi, au kituo cha waifai, ndiyo askari. Ukichomeka waya, askari hafungui. Anakubali mazungumzo ya utambulisho tu. Anachukua ulichoonyesha na kukipeleka kwa seva ya RADIUS, ambayo inauliza daftari la domeni: kompyuta hii tunaijua? Inaijua siri yake? Iko kwenye kundi linaloruhusiwa? Jibu likiwa ndiyo, tundu linafunguka. Likiwa hapana, unabaki nje au unapelekwa kwenye mtandao wa wageni, ambako kuna intaneti na si kitu kingine.

Njia iliyo imara zaidi ni ya vyeti, ile inayoitwa EAP-TLS. Ofisi inaipa kila kompyuta yake cheti, na ufunguo wa siri wa cheti hicho unaweza kufungiwa ndani ya chipu ya TPM ili usitolewe na kunakiliwa kwenye mashine nyingine. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai TPM 2.0, kwa hiyo kompyuta nyingi mpya za ofisini tayari zina chipu hiyo, imelala tu bila kazi. Hiki ndicho kitambulisho hasa: kimetolewa na mwenye mamlaka, hukujiandikia.

Utaniambia, mambo ya kuchomeka vifaa ni ya sinema. Hebu soma haya. Desemba 2018 kampuni ya Kaspersky ilieleza uchunguzi wake kuhusu mabenki yasiyopungua manane ya Ulaya Mashariki yaliyoibiwa kwa njia moja: mtu aliingia akijifanya mleta mizigo au mtafuta kazi, akaacha kifaa kidogo kimechomekwa kwenye mtandao wa ndani, mahali kama chumba cha mikutano, kisha wenzake wakafanya kazi kutoka mbali. Hasara ilikadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya dola. Chumba cha mikutano, wadau! Pale pale nilipoambiwa nichomeke tu.

Mwingine atasema hao hawakuwa na wataalamu. Basi twende NASA. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wao ya Juni 2019 ilisema kwamba katika maabara ya JPL, ile inayopeleka mitambo Mars, mdukuzi alipitia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyokuwa imeunganishwa kwenye mtandao bila idhini. Uvamizi uligunduliwa Aprili 2018. Alikuwa amekaa ndani kwa takriban miezi 10 na kuchukua megabaiti 500 hivi kutoka faili 23. Watu wanaoweza kutua sayari nyingine hawakujua ni vifaa gani vimechomekwa kwao. Sisi wa Hospital Road na Ragati Road tuna uhakika gani?

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Uanachama wa domeni una mitego, na mmoja unawashangaza hata watu wa IT wa miaka mingi. Active Directory ikiachwa kama ilivyotoka dukani, mtumiaji yeyote wa kawaida anaruhusiwa kuingiza kompyuta hadi 10 kwenye domeni. Si lazima awe msimamizi. Karani, dereva, mwanafunzi wa mafunzo, wote. Yaani unafunga mlango kwa 802.1X, unasema "wanachama tu," huku kila mwenye akaunti anagawa kadi kumi za uanachama. Thamani hiyo inaitwa ms-DS-MachineAccountQuota. Iweke sifuri, kisha uwape kazi ya kuingiza kompyuta watu wachache wanaojulikana. Usipofanya hivyo, mengine yote ni mapambo.

Mtego wa pili: uanachama hauna maana ya afya. Kompyuta ya ofisi yenye virusi bado ni ya ofisi na itafunguliwa mlango. Microsoft walijaribu kuunganisha mambo haya mawili katika Windows Server 2008 kwa kitu kilichoitwa NAP. Kompyuta ilipaswa kutoa taarifa ya afya yake: kinga ya virusi ninayo, masasisho ninayo. Tatizo ni kwamba mtoa taarifa alikuwa kompyuta yenyewe, kwa hiyo ilifaa kwa mashine ya mtu mwaminifu aliyesahau kusasisha, si kwa mwongo. Iliondolewa katika Windows 10 na Windows Server 2016. Somo ni lile lile lililonipata mimi: mwongo usimpe fomu ajaze mwenyewe.

Mtego wa tatu: mtu mwenye haki za msimamizi kwenye kompyuta anaweza kuichimba ile siri ya akaunti ya kompyuta na kuitumia kwingine. Ndiyo sababu napendelea cheti kilicho ndani ya TPM, na ndiyo sababu karani hapaswi kuwa msimamizi wa mashine yake.

Najua pingamizi, nimezisikia zote mezani. Ya kwanza ni pesa. Kweli, zile swichi za bei rahisi zisizo na usimamizi haziwezi kazi hii. Lakini seva ya RADIUS imo tayari ndani ya Windows Server uliyokwisha kulipia, kwa jina la NPS, na FreeRADIUS ni ya bure. Ofisi inayolipa kodi ya Upper Hill haishindwi na swichi.

Ya pili: seva ikizima, ofisi nzima italala. Weka mbili. Halafu usianze kwa kufungia watu. Washa mfumo kwa hali ya kutazama tu, wiki tatu au nne, uone ni nani angekataliwa. Utakuta vitu ambavyo hukujua unavyo, na wengi wao si wezi. Ni projekta, ni kompyuta ya meneja aliyekataa kuingizwa kwenye domeni kwa sababu ni meneja.

Ya tatu: printa, kamera na mashine za kuweka alama ya kidole asubuhi nyingi hazina cheti wala domeni. Kweli tena. Zitengee mtandao wake, ziruhusiwe kuongea na seva moja tu inayozihusu. Usizipe ufunguo wa nyumba nzima kwa kuwa hazijui kuongea.

Na ya nne inanihusu: sisi waandishi wa programu tunapenda laptopu zetu. Mimi natumia Ubuntu, nimeipamba ninavyotaka, na kanuni hii itanigonga mimi kwanza. Sawa tu. Nikienda kwa mteja nipelekwe kwenye mtandao wa wageni kama mgeni mwingine. Sioni aibu, kule chini niliacha kitambulisho na sikufa.

Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu aweke hatua za kiufundi zinazofaa, na data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Mabenki nayo yalipewa mwongozo wa usalama wa mtandao na Benki Kuu mwaka 2017. Sasa jiulize, katika saa hizo 72 utaandika nini kama hujui hata ni kompyuta gani iliyoingia? Utaandika jina la mtumiaji. Utaandika jina la mama wa idara ya madai.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wao wakizungumzia kuthibitisha kompyuta wanazungumzia kumzuia mwizi. Mimi nazungumzia kumlinda mfanyakazi. Neno la siri linaweza kuchunguliwa begani, linaweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Mfumo unaouliza neno la siri tu utamlaumu mwenye neno hilo siku zote. Mfumo unaojua kwa uhakika kwamba kazi ilifanywa kwa kompyuta ambayo si ya ofisi, au haikuruhusiwa kabisa kuingia, unampa mtu asiye na hatia kitu cha kushika mbele ya kamati ya nidhamu.

Jumatatu ukifika kazini, mwombe mkuu wa IT ruhusa, kwa maandishi tafadhali, maana chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 kuingia bila idhini ni faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Ukishapewa, chomeka laptopu yako binafsi kwenye tundu la chumba cha mikutano, mkae pamoja muangalie. Ikikataliwa, mpongeze. Ikipokelewa, shukeni wote wawili hadi mlangoni, mkamuulize askari anavyofanya.

Yule mama bado tunasalimiana. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kosa langu lilikuwa wapi, kwa lugha rahisi kama nilivyojaribu hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mwanangu, mashine ilisema ni mimi, na nyinyi mkaiamini bila kuiuliza?"

Ndiyo, mama. Hivyo ndivyo tulivyofanya.